Nguzo Haijawahi Kupuliza Moto

Marahaba, vijana. Najua bado hamjaniamkia, ila kwa umri huu naitikia mapema, nisije nikasahau tukiwa katikati ya maongezi.

Nimesikia mnaanza kazi ya kupima hewa huku kwetu, kutoka milima ya Mbinga hadi kule chini ziwani. Nimesikia pia kwamba vifaa vyenu vinakaa kiganjani na vinatuma majibu kwenye simu vyenyewe. Hongereni sana. Sisi tulikuwa na nguzo, ngazi, betri ya gari, na mimi. Katika hivyo vinne, kilichokuwa kinaharibika mara kwa mara ni mimi.

Sasa kuna neno litawaponza, kama halijawaponza tayari. Msisimame mbele ya watu mkasema mmekuja kupima hewa chafu. Kwenye makaratasi ya ofisini ni maneno ya heshima kabisa. Kwenye mkutano wa kijiji ni balaa. Kule Kingerikiti mwenyekiti alinisimamisha, akanitambulisha hivi:

"Ndugu wananchi, mzee huyu ametumwa na wataalamu. Anachunguza ni nani anachafua hewa."

Halafu babu mmoja wa benchi la mbele akainuka polepole, akashika fimbo yake, akahamia benchi la nyuma kabisa.

"Babu, mbona unatuhama?" mwenyekiti akamuuliza.

"Mchana nimekula maharage, mwanangu. Acha mimi nichunguzwe mwisho."

Mkutano uliishia pale. Kila nilipofungua mdomo nieleze habari za moshi, kinamama walijifunika khanga usoni, mabega yakitikisika. Jina langu la ubatizo, Desderi, lilifia Kingerikiti siku ile. Nikawa Bwana Hewa. Mke wangu naye akawa Mama Hewa, na hilo hajanisamehe hadi leo. Kwa hiyo ninyi semeni moshi na vumbi. Moshi hauna aibu.

Mtauliza niliipataje kazi yenyewe. Niliipata kwa uvivu. Nilimaliza kidato cha nne nikarudi nyumbani, hapa Ruanda ya Mbinga, na nikarudi kwelikweli: vijana wenzangu walikwenda Songea, wengine wakafika Dar es Salaam, mimi nikafika jikoni kwa mama. Napenda kwangu. Napenda kiti changu, kikombe changu, na kugombana na majogoo ninaowafahamu. Miaka mingi baadaye, wataalamu walipokuja kusimika nguzo ya kupimia hewa karibu na ofisi ya kata, walitafuta mtu wa kuiangalia kila siku, asiyesafiri. Walihoji watu wenye vyeti kunizidi. Mimi nilipoulizwa nina sifa gani, nilinyoosha kidole dirishani nikasema, "Nyumba yangu ni ile pale." Nikapewa ngazi.

Nguzo ile na mimi tulielewana, maana wote wawili hatukuwa na mpango wa kwenda popote. Juu yake palikuwa na sanduku, ndani ya sanduku pampu, na mbele ya pampu karatasi nyeupe ya mviringo, ndogo, inayonasa vumbi na moshi kama chujio linavyonasa majani ya chai. Kazi yangu ilikuwa kupanda, kuitoa karatasi kwa kibanio bila kuigusa kwa vidole, kuilaza kwenye kisahani cha plastiki chenye mfuniko, na kuweka nyingine. Inaonekana rahisi. Jaribuni kufanya hivyo huku chafya inawajia. Usipumulie karatasi, usiisogelee na mkono uliotoka kumenya muhogo, na kabla hujafungua sanduku gonga kwanza na usikilize. Mimi sikugonga siku moja tu, na nyigu walionijibu waliniteremsha bila kutumia ngazi.

Mkuu wetu alikuwa Dokta Salome, mwanamama mpole mwenye macho ya kuona mbali. Yeye ndiye aliyenifundisha kila ninachokijua, na alinifundisha bila kunipigia kelele, jambo linalouma zaidi. Kuna wiki alinipigia simu sauti imembadilika.

"Mzee Desderi, uko salama? Ruanda imeungua?"

"Tuko salama, Dokta. Kwani vipi?"

"Karatasi yako ya wiki hii imeniogopesha. Msitu umewaka? Kuna kiwanda kimefunguliwa?"

Nikafikiri sana. Nikakumbuka.

"Dokta, yalikuwa mahindi mawili."

"Mahindi?"

"Nilikuwa nachoma mahindi. Palikuwa na kibaridi, nikaona pale chini ya nguzo pamekingwa upepo."

Dokta akaniuliza kama yaliiva vizuri. Ndivyo alivyokuwa.

Ukiacha mahindi yangu, nguzo ilitoa karatasi safi ajabu. Nikaanza majivuno. Ninyi mnajua sisi Wamatengo hatuchomi nyasi za shamba. Tunazilaza, tunazifukia, tunachimba mashimo ya ngoro juu yake, mlima mzima unakuwa kama sega la nyuki, na nyasi zinaoza zikiwa mbolea. Basi nikawa natamba kwa kila anayenisikiliza kwamba hewa yetu ni ya kitajiri, wenye matatizo ni watani zetu Wanyasa kule ziwani, wanaobanika samaki mpaka wao wenyewe wanafaa kuuzwa sokoni.

Dokta akanisikiliza siku moja mpaka nikamaliza. Akatazama juu ya nguzo, akasema, "Hewa ya hapa juu ni safi, mzee. Lakini nani anaishi hapa juu? Nguzo yako haijawahi kupuliza moto."

Ndipo akatoa vimkoba.

Kimkoba kilikuwa cha kuvaa kifuani. Ndani kina pampu ndogo kama kiberiti na karatasi ileile nyeupe, na mrija wake unatokeza karibu na kola, pale mtu anapovutia pumzi. Unakivaa kutwa nzima: shambani, kisimani, jikoni, popote. Nguzo inapima hewa ya mahali. Kimkoba kinapima hewa ya mtu, ile iliyomwingia yeye. Dokta alinieleza kwamba mtu anaweza kushinda kwenye upepo safi, halafu akainama juu ya mafiga kwa muda mfupi, akavuta huko moshi mwingi kuliko alioukuta siku nzima. Nilitikisa kichwa kama niliyeelewa. Kitu pekee nilichoelewa ni kwamba sasa nitasafiri.

Vimkoba vilikuwa na visa vyake. Pampu zilivuma kidogo, nguuu, na betri ikikaribia kuisha zilikohoa. Mama mmoja wa hapa Ruanda alikwenda na chake misani, na betri ikachagua kuisha baada ya komunyo, kanisa zima limenyamaza, watu wamepiga magoti. Kikatoa mlio ambao sitauigiza. Benchi zima likamgeukia. Alasiri alikuja kwangu mbio.

"Bwana Hewa, chukua mdudu wako. Nimeaibika mbele ya padri, mbele ya wakwe, mbele ya watakatifu wote ukutani."

"Pole mama. Ungewaeleza kwamba ni mashine."

"Niliwaeleza! Nikasema ni mashine ya hewa chafu. Ndiyo wakacheka mpaka baraka ya mwisho."

Mnaona? Neno lilelile.

Lakini kisa ninachotaka mkishike ni cha Liuli, kule ziwani kwa Wanyasa. Kule kulikuwa na Mama Ruthi, mbanikaji wa samaki aliyerithi kazi na tanuri kutoka kwa mama mkwe wake. Tanuri lenyewe lilikuwa kuta fupi za udongo, wavu wa chuma juu, kuni chini, na moshi unakwenda unakotaka. Lilikuwa karibu na ufuko, mitumbwi inapotia nanga, kwa hiyo samaki walitoka majini wakafika kwenye wavu wangali wanashangaa.

Jirani na tanuri palikuwa na gesti, na mwenye gesti ndiye alikuwa mwenyekiti wa kitongoji. Kila siku alilalamika kwamba mashuka ya wageni yananuka mbufu, wale samaki wa ziwani. Akatangaza kwamba majibu ya vipimo yakionyesha moshi ni mbaya, ataitisha mkutano, tanuri livunjwe, Mama Ruthi ahamie kule juu mlimani. Kuhamia juu maana yake ni kupandisha samaki na kuteremsha samaki kila siku, kwa kichwa. Mama Ruthi hakuwa tena na miguu ya kazi hiyo, na hakuwa na kazi nyingine. Likivunjwa tanuri, amevunjwa yeye.

Nilimvalisha kimkoba, nikarudi Ruanda upesi kabla kitanda changu hakijanisahau. Kiliporudishwa, Dokta akafungua karatasi, akaniita.

"Mzee Desderi, mwanamke huyu anabanika samaki kila siku?"

"Kila siku ya Mungu, isipokuwa Jumapili."

"Basi anabanika bila kupumua. Karatasi yake ni nyeupe kuliko ya nguzo."

Wote wawili tuliwaza jambo moja: kaogopa. Kakificha ili asivunjiwe tanuri. Na mwenyekiti naye alishaanza kusema kwa sauti kwamba mama yule ni mwongo, na mwongo hahitaji hata kipimo. Dokta akamrudishia kimkoba chenye karatasi mpya, kisha akanituma nikaangalie kwa macho yangu. Nikafunga begi kama mtu anayekwenda vitani, nikashuka kwa gari hadi Mbamba Bay, kisha bodaboda hadi Liuli, macho nimeyafumba kwenye kila kona.

Nilimkuta anageuza samaki, machozi yanamtoka, moshi umemzunguka kama pazia. Kifuani hakuwa na kitu.

"Shikamoo, Bwana Hewa," akasema, ingawa tulikuwa rika moja. Ulikuwa utani huo. "Mmatengo umeshuka? Huko juu mmemaliza kuchimba mashimo?"

"Tumemaliza, tunatafuta mtani wa kumfukia. Mama Ruthi, kimkoba tulichokurudishia kiko wapi?"

Akafurahi, uso ukachangamka. "Usiwe na wasiwasi. Kipo salama kabisa."

Akanawa mikono kwa sabuni, akaifuta, akaingia ndani, akatoka na ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Akafungua. Ndani kuna khanga mpya. Akafunua khanga. Ndani kuna kimkoba, kinavuma taratibu, nguuu, kama mtoto aliyelala, na pembeni yake kipande cha sabuni ya kunukia.

Nilishika kichwa.

"Mama Ruthi, kwa nini humu?"

"Sasa nikiweke wapi?" akashangaa. "Kitu cha watu! Nikivae pale kwenye moshi, nikirudishe kinanuka samaki mbasa, yule Dokta wenu ataniona mimi ni mtu wa namna gani? Kwetu ukiazimwa sufuria unairudisha imesuguliwa."

"Hata siku zile za kwanza kilikaa humu?"

"Wakati wa kazi, ndiyo. Nikimaliza, nikioga, nakivaa vizuri nakwenda nacho kuota upepo ufukoni. Nacho kilikuwa kinapendeza. Wenzangu walinionea wivu."

Kumbe hakukuwa na uwongo wowote. Kulikuwa na adabu. Vijana, hakuna karatasi ya maelekezo iliyonionya kuhusu adabu. Tulikuwa tumewaeleza watu wasikiloweshe, wasikifungue, wasimpe mtoto. Hakuna aliyekumbuka kuwaambia kwamba tunataka kirudi kichafu.

"Mama Ruthi," nikasema, "tunataka kinuke."

"Kinuke?"

"Kinuke. Kiule moshi wote unaoula wewe. Kikirudi safi, nimekosa kazi."

Akanitazama sana. "Wamatengo mna mambo. Mnatoka mbali hivyo kufuata harufu." Halafu uso ukamshuka. Akageukia tanuri lake. "Na kikinuka, si ndiyo mwenyekiti atanivunjia?"

Nilimwambia ukweli, kwamba sijui. Nikamwambia pia kwamba karatasi nyeupe ingemwita mwongo, na mwongo angevunjiwa vilevile. Akageuza samaki ambao hawakuhitaji kugeuzwa.

"Nivalishe," akasema. "Nisiitwe mwongo kwa sababu ya usafi."

Akakivaa. Nami nikabaki Liuli kumsimamia, nikalala kwenye gesti ya mwenyekiti. Mashuka yalinuka mbufu kweli. Nililala vizuri sana.

Sasa Dokta, aliyekuja Liuli kuchukua karatasi mwenyewe, alitaka kitu cha kulinganisha. Akasema mtu wa ziwani asisimame peke yake. Atafutwe mtu wa kawaida, asiyebanika, anayeshinda nyumbani. Akanitazama. Nami nikajitazama. Kweli, kama kuna mtu anayeshinda nyumbani katika mkoa huu, ni mimi. Niliporudi Ruanda nikavaa kimkoba changu kwa fahari, maana nilijua karatasi yangu itakuwa theluji. Sikubadilisha lolote. Asubuhi kahawa jikoni karibu na moto. Mchana kidogo nje, kusalimia nguzo. Jioni, kwa kuwa milima yetu ina baridi inayoingia hadi kwenye meno, kiti changu kilekile jikoni, miguu karibu na mafiga, nikimsimulia mke wangu habari anazozijua tayari huku yeye akisonga ugali. Dirisha jikoni hatukuwa nalo. La nini? Baridi ingeingia.

Siku ya mkutano Liuli, Dokta alikuja na visahani vitatu. Alisema atavifungua mbele ya watu wote ili asije mtu akasema mengine. Mwenyekiti alikaa mbele, amevaa koti. Mama Ruthi alikaa pembeni, mikono mapajani, hatazami kitu.

Kisahani cha kwanza, nguzo ya Ruanda. Nyeupe, kivuli tu. Nikainua kidevu.

Kisahani cha pili, Mama Ruthi. Nyeusi. Rangi ya kahawa iliyokaangwa ikasahaulika. Watu wakaguna. Mwenyekiti akasimama.

"Wananchi mmejionea wenyewe. Sasa suala la tanuri..."

"Bado kimoja, mwenyekiti," akasema Dokta, akafungua cha tatu.

Vijana, kilikuwa ndugu wa tumbo moja na kile cha pili. Ukiviweka jirani ilibidi uvisogeze kwenye mwanga kujua kipi ni kipi.

Mama Ruthi akanyanyua kichwa. "Dokta, hicho ni cha nani? Nani mwenzangu anabanika?"

"Ni cha mtu wa kawaida," Dokta akasema, na niliona mdomo wake unapigana na kicheko. "Mtu anayeshinda nyumbani."

Watu walitazama huku na huku, mpaka macho yao yakanifikia mimi, maana nilikuwa naanza kuteremka kwenye kiti.

"Bwana Hewa?" Mama Ruthi akainuka. "Wewe? Unabanika nini huko milimani?"

"Mahindi," nikasema. "Mara mojamoja."

Sitawaeleza kelele zilizotokea. Zilipopungua, Mama Ruthi alikuwa bado amesimama, na sasa alikuwa mrefu.

"Mwenyekiti, mimi moshi ninaula, sikatai, na macho yananiuma. Lakini kama moshi ndiyo sababu ya kuvunjiwa, basi tupande wote milimani tukaanze na jiko la mzee huyu. Mwenzenu amekolea moshi sawa na mimi, na hana hata samaki mmoja wa kuonyesha! Halafu tukitoka huko tupitie jiko moja moja, na la gesti nalo. Huko wapishi wako wanapikia nini, mwenyekiti, jua?"

Mwenyekiti akakaa. Mkewe, aliyekuwa nyuma, akasema kwa sauti ya kusikika, "Kuni. Na dirisha hana."

Dokta akaingilia hapo na kueleza kuhusu tanuri lililofunikwa, lenye mlango wa kuni na bomba la kupandisha moshi juu ya vichwa na juu ya mashuka. Mwenyekiti alikubali haraka, na mtu mmoja akasema alikubali akiliogopa jiko lake. Tanuri lilijengwa palepale, hatua chache kutoka kwenye mitumbwi, na Mama Ruthi bado yuko pale. Msimu wa mbufu unapofika ananitumia mmoja, amekaushwa vizuri, na salamu ni ileile: mpeni ndugu yake wa moshi.

Nilirudi nyumbani nimejaa maneno. Nilikaa kwenye kiti changu jikoni nikamsimulia mke wangu kisa kizima, kuanzia ndoo mpaka visahani, nikiigiza na sauti. Nilitegemea acheke. Aliendelea kusonga ugali, uso ameukunja kwa moshi.

"Kwa hiyo," akasema, "wewe unayekaa hapo kitini ukisubiri kula, ndiye umekuwa mweusi hivyo?"

"Ndiyo, mama. Umeona maajabu?"

"Na mimi niliye juu ya sufuria?"

Nikaondoa miguu yangu karibu na mafiga.

"Umepima Kingerikiti," akasema. "Umepima Liuli. Umempima yule dada wa kanisani. Mimi, Mama Hewa, umenipima lini?"

Nilisema nitamwomba Dokta kimkoba kesho asubuhi. Akacheka sasa, kicheko cha kuchoka, akafuta macho kwa ncha ya khanga, akaniambia nisihangaike, majibu anayo, anayakohoa kila alfajiri.

Asubuhi sikwenda kwenye nguzo. Nilichukua sururu, nikauendea ukuta wa jiko. Mimi si fundi. Dirisha nililotoboa lilipinda, na lilikuwa kubwa kuliko nilivyokusudia, kwa sababu kipande kilianguka chenyewe. Moshi ukaanza kutoka kwa foleni. Jirani akapita, akasimama, akashangaa.

"Bwana Hewa! Nyumba unaibomoa? Kuna nini?"

Kabla sijajibu, kichwa cha mke wangu kikatokea kwenye lile tundu.

"Hakuna kitu, jirani. Huyu amechafua hewa humu tangu tuoane. Leo ndiyo tunaitoa."